Ndiyo, Sikugusa

Kiingereza ni lugha ya watu wasiojiamini, na hilo nitalisema hata mbele ya hakimu. Mtu anasema neno lake, limekwisha, halafu anageuka kukuuliza kama alichosema ni kweli. Sawa, hata sisi tunauliza. Lakini sisi tuna "sivyo?" yetu moja na inatutosha. Umekula, sivyo? Atakuja, sivyo? Hawakufika, sivyo? Neno moja linakwenda kazini, msibani na harusini bila kubadilisha nguo. Wao hapana. Kwao kila kitenzi kina mkia wake, na ukikosea mkia wanakuangalia kama umevaa blauzi nyuma mbele.

Aliyetufundisha habari ya mikia ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Acha nimsifu mapema, maana baadaye sitaweza.

Nilipoolewa nilimkuta mwanafunzi, suruali inaishia juu ya vifundo. Nguo zake nilifua mimi. Akichelewa shule, chakula chake nilikiweka pembeni mimi kabla watu hawajanawa. Alipomaliza masomo akawa anashinda kitandani kuhesabu mabati, na ni mimi niliyekwenda kwa matroni wa hospitali ninayofanyia usafi. Nikamwambia, "Mama, nina shemeji yangu, kijana mtulivu, Kiingereza anakimwaga kama maji." Matroni akampeleka kwa Mkurugenzi. Mkurugenzi wetu ni mgeni kutoka mbali, Kiswahili chake kinaishia kwenye "habari" na "asante", kwa hiyo alikuwa anatafuta mtu wa kumwandikia na kumtafsiria. Shemeji akapata meza. Akapata na kiti kinachozunguka. Mimi nikabaki na ndoo yangu, na nilifurahi, sisemi uongo. Nilikuwa napita koridoni nimeinua shingo, najiambia yule mle ndani ni wetu.

Baadaye Mkurugenzi akatoa amri kwamba kila mfanyakazi ajifunze Kiingereza, hata sisi wa usafi. Shemeji akapewa kazi ya kutufundisha. Tulikuwa tunakutana jioni baada ya zamu, katika chumba cha kulia cha wafanyakazi, ubao umeegemezwa kwenye sinki. Tulikuwa watu wa usafi, wa jikoni, dereva mmoja na mlinzi wa getini, mzee mwenye mdomo usiolala.

Siku ya mikia shemeji alikuja amefunga tai. Akasema sheria ni rahisi. Sentensi ikikubali, mkia unakataa. Sentensi ikikataa, mkia unakubali. Halafu mkia lazima ufuate wakati wa kitenzi. Akaandika ubaoni: "You clean the ward, don't you?" Hiyo, akasema, ni kazi ya kila siku. Akaandika: "You cleaned the ward, didn't you?" Hiyo ni ya jana. "You have cleaned the ward, haven't you?" Hiyo umeshamaliza na sakafu bado mbichi. "You will clean the ward, won't you?" Hiyo ni ya kesho.

"Hiyo ya mwisho si swali," mlinzi akasema. "Hiyo ni amri imefungwa tai."

Tukacheka mpaka shemeji mwenyewe akacheka. Kisha akaandika "I am late, aren't I?" na mlinzi akasimama kabisa.

"Mwalimu, hapo umetuchezea. Mimi ni 'am'. Hiyo 'are' imetokea wapi?"

"Ndivyo ilivyo, mzee."

"Kwa hiyo na wao wanakosea?"

"Wao hawakosei. Lugha ni yao."

"Basi ningekuwa na lugha yangu na mimi nisingekosea," mlinzi akasema, akakaa.

Mimi nilipenda mikia ile, sijui kwa nini. Labda kwa sababu ilikuwa kama kufua, kila nguo na namna yake. Nilikuwa napiga deki huku natunga. The floor is wet, isn't it? The doctor wasn't here, was he? The patients have eaten, haven't they? Mlinzi akanibandika jina, Mama Mikia. Na shemeji akasema mbele ya darasa zima, "Shemeji yangu ameiva." Nililibeba neno lile mpaka nyumbani, nikamwambia mume wangu, naye akaniambia nisije nikaanza kumgombeza kwa Kiingereza.

Basi kutunga mikia nilijua. Kitu ambacho shemeji hakutufundisha ni namna ya kuijibu. Dereva alipouliza, akajibiwa hilo ni dogo, tutaliona wiki ijayo. Wiki hiyo ilipofika shemeji akawa na kazi nyingi za Mkurugenzi, na darasa likafa kifo cha kawaida. Hakuna aliyelalamika. Mtu akikuuliza jambo, unasema ndiyo au unasema hapana. Hapo unahitaji kufundishwa nini?

Sasa, nyuma ya duka la dawa la hospitali kuna chumba kidogo cha friji. Ndani ya friji ile hukaa insulini na chanjo za watoto. Soketi ya chumba kile ndiyo peke yake upande ule inayopata umeme wa jenereta, ule wa mji ukikatika, kwa hiyo friji haizimwi hata dakika. Nilikuwa nafagia mle kila alasiri, na friji ile nilikuwa naipitia kwa mbali kama mbwa wa watu.

Asubuhi moja mfamasia alifungua mlango akakuta friji imenyamaza, maji yametapakaa sakafuni, plagi imelala chini. Dawa zote zimeharibika. Kuna mama alikuja na mtoto wake mwenye kisukari, akaambiwa insulini hakuna, atafute kwingine. Nilimwona akitoka getini amembeba mtoto mgongoni, mtoto mkubwa tu wa kutembea, miguu inaning'inia. Nilichemka. Nikasema pale koridoni, kwa sauti, kwamba aliyeichomoa plagi ile na yeye siku moja aombe dawa aikose. Shemeji alikuwa anapita na mafaili. Hakuinua macho.

Matroni akatuambia wote wanaoingia chumba kile wataitwa mmoja mmoja. Atakayebainika, kazi hana, na asitegemee hospitali nyingine yoyote kumpokea, kwa sababu wakuu wa hospitali wanapigiana simu. Mimi sikuogopa. Niogope nini na sikugusa kitu?

Nikaitwa. Ofisini walikuwa watatu, Mkurugenzi, mfamasia, na shemeji kwenye kiti chake kinachozunguka, tayari kutafsiri. Mkurugenzi akaanza, na shemeji akafungua mdomo atafsiri, halafu akaufunga. Akamwambia Mkurugenzi kwa Kiingereza kwamba hakuna haja, huyu ni mwanafunzi wangu bora, anaelewa. Mkurugenzi akatabasamu. Na mimi, mjinga wa kuzaliwa, nikavimba kichwa.

"You cleaned the fridge room yesterday, didn't you?"

Nikaisikia ikija. Ya jana, "did", mkia umekaa mahali pake. "Yes, sir. I did."

"You locked the door, didn't you?"

"Yes, sir. I did."

Mfamasia akatikisa kichwa kwa kuridhika. Jasho likaanza kunikauka. Mkurugenzi akaegemea meza.

"You didn't touch the plug, did you?"

Hukugusa plagi, sivyo? Kweli kabisa! Ndiyo, sikugusa. Hapo ndipo nilipokuwa napangoja tangu asubuhi. Nikasema kwa moyo wangu wote, "Yes!"

Mfamasia akainua kichwa. Mkurugenzi akarudia polepole, kama anayemlisha mgonjwa. "You did not pull it out, did you?"

"Yes, sir! Yes!" Nikaweka na mkono kifuani.

Mkurugenzi akamwangalia shemeji, na shemeji akawa anaangalia ncha ya kiatu chake, kiatu alichoshona mume wangu. Mkurugenzi akamuuliza kama amesikia. Akasema amesikia. Kisha shemeji akaniambia kwa Kiswahili, sauti ya upole kabisa, "Asante, shemeji. Inatosha. Unaweza kwenda."

Nilitoka mle kama bibi harusi. Nilikwenda moja kwa moja mpaka getini kumwambia mlinzi kwamba nimempiga Mkurugenzi Kiingereza mpaka maneno yamemwishia.

"Mama Mikia!" mlinzi akasema. "Kesho tutakukuta umekalia kile kiti chake."

Saa ya chakula matroni aliniita pembeni, kwenye chumba cha mashuka. Macho yake yalikuwa mekundu. Matroni si mtu wa kulia.

"Mwanangu, kwa nini hukuja kwangu kwanza kabla ya kukiri?"

"Kukiri nini, mama?"

"Plagi. Mfamasia kaniambia. Umeulizwa mara mbili, na mara mbili umesema yes."

"Ndiyo, nilisema yes. Yes, sikugusa!"

Matroni akakaa juu ya rundo la mashuka. Akajishika paji la uso. "Ee Mungu wangu," akasema. Halafu akanieleza, taratibu, na ninamshukuru kwa sababu ndiye mtu pekee aliyewahi kunifundisha somo lile. Akasema kwetu "ndiyo" inamwitikia mtu. Mtu kasema hukugusa, kasema kweli, unamwitikia, ndiyo. Kwao "yes" haimjali mtu, inakwenda kwenye kitendo chenyewe. Ukisema yes, umegusa. Hata swali likija limekataa namna gani, yes ni nimegusa.

"Kwa hiyo nilitakiwa nisemeje?"

"No."

"Nimwambie no wakati alichosema ni kweli?"

"Ndiyo."

"Hao watu wazima kweli hao?"

Matroni hakucheka. "Hata mimi iliwahi kunipata, zamani, kwenye mafunzo. Inampata kila mtu wa kwetu. Lakini si shemeji yako alikuwa..." Akakatiza. Nikaona uso wake ukibadilika, na nafikiri wangu ulibadilika pia. Akasimama, akasema ataongea na Mkurugenzi mwenyewe kesho asubuhi.

Nyumbani tunakaa vyumba viwili. Shemeji analala cha mbele, na kodi anaitoa yeye tangu mgongo wa mume wangu ulipoanza kumsumbua. Mume wangu ni fundi viatu, akikaa saa moja kwenye kigoda anasimama akiwa amejikunja. Jioni ile niliwapakulia wote wawili. Sikuanza kabla hawajala, kwa sababu mama yangu hakunilea hivyo. Shemeji alipofika katikati ya sahani, uvumilivu ukaniishia.

"Shemeji, uliisikia yes yangu leo."

"Niliisikia."

"Na ulijua nimemaanisha nini."

Akaendelea kutafuna. "Mimi kule ni mkalimani, shemeji. Kutafsiri hakukuhitajika."

"Nani alisema hakuhitajiki? Si wewe?"

Mume wangu akaweka kijiko chini. "Mdogo wangu, kuna nini hapa?"

Shemeji akasukuma sahani. Akatuangalia kwa zamu, halafu akasema, haraka haraka, kama mtu anayetema kitu cha moto. Jana jioni, mimi nimeshafunga chumba, umeme ulikuwa umekatika. Ripoti ya Mkurugenzi haijaisha na kompyuta inakufa. Akaokota ufunguo mezani kwa mfamasia, mwenyewe ameinamia hesabu hakumwona, akachomoa friji kidogo tu, achaji. Simu ikaita, akachukua kompyuta, akafunga, akarudisha ufunguo. Plagi akaisahau chini.

Nikakaa.

"Na yule mtoto aliyebebwa mgongoni?"

"Usianze, shemeji. Hebu fikiria kidogo. Mimi nikifukuzwa, humu ndani tunakula nini? Kodi nani anatoa? Wewe kazi ya fagio utaipata popote."

"Fagio hilo hilo ndilo lililokuvalisha tai!"

"Sijakataa."

"Matroni kasema hakuna hospitali itakayonipokea. Nitaitwa mharibifu wa dawa za watoto mpaka nizeeke. Umelisikia hilo nalo, au nalo halikuhitaji kutafsiriwa?"

Nikamgeukia mume wangu. Nilimngoja. Mtu ambaye akisikia jirani ameniita kwa dharau anatoka nje na nyundo ya viatu mkononi, nilijua sasa paa litaruka. Alikuwa anajisugua kiuno. Akasema, "Mke wangu, haya ni mambo ya damu. Tuyamalize humu humu."

"Damu ya nani?"

Akakiokota kijiko chake. Niliumia. Sina neno la kulipamba. Niliumia kwa sababu ya mdogo mtu, nikaumia zaidi kwa sababu ya kaka mtu. Sahani nilizikusanya kama kawaida, nikaziosha, na nikiwa naziosha nikaamua kwamba kesho nasema. Kama ni njaa tutakufa wote, kila mtu na jina lake.

Asubuhi matroni aliingia kwa Mkurugenzi mapema. Nilimsikia Mkurugenzi akicheka kule ndani, kicheko cha mtu aliyeonyeshwa kitu kipya. Matroni akatoka akanishika mkono. "Kaelewa. Anataka kukuuliza tena. Sasa hivi unajua cha kujibu." Angeingia na mimi, lakini wodi ya wazazi wakamwita mbio, kuna mama amebanwa. Nikaingia peke yangu. Shemeji alikuwa kwenye kiti chake. Mfamasia hakuwepo.

Mkurugenzi alikuwa mchangamfu. Akaniambia, na nilimwelewa vizuri, kwamba leo anataka kulimaliza jambo hili. Kama aliyechomoa hajulikani, basi atakayebeba ni yule aliyekuwa na jukumu la chumba na kukifunga, yaani mimi. Lazima jina moja liende kwa wenye hospitali. Kisha akauliza.

"So you didn't touch the plug, did you?"

"No, sir. I didn't."

"Good!" Akampigia shemeji jicho, kama watu wawili wanaotazama mtoto akijifunza kutembea. "And you don't know who did, do you?"

Nikaipokea ile sentensi, nikaigeuza. Imekataa mbele, inakubali nyuma, na jibu linakwenda kwenye kitendo. Najua au sijui? Najua.

"Yes, sir," nikasema. "I do."

Kabla pumzi haijanitoka vizuri shemeji alikuwa ameshacheka. Akamwambia kwamba ni ile yes tena, sir, ile aliyoieleza matroni. Anamaanisha ndiyo, sijui. Mkurugenzi akapiga meza kwa kiganja, akacheka naye. Alifurahi kweli. Akasema lugha yetu ni ya ajabu.

Nikanyoosha kidole. Kidole hakina wakati uliopita wala ujao. Nikamnyooshea shemeji usoni na nikasema Kiingereza changu chote, neno moja moja, ili lisipotee hata moja: "He pulled it. He pulled the plug. He told me."

Kicheko kikakatika. Mkurugenzi akaniangalia, akamwangalia shemeji, akaniangalia tena. Shemeji hakubabaika. Nilimlea mimi, namjua akibabaika, masikio yanawaka. Hayakuwaka. Akainama akasema kwa sauti ya chini, haraka, na mimi nikawa nadaka kimoja kimoja. Mke wa kaka yangu. Ugomvi wa nyumbani. Jana usiku. Amechanganyikiwa, maskini. Akasema yuko tayari hata kunisaidia nipate kazi nyingine.

Nikasema, "Mwongo wewe! Mwambie ukweli!" Lakini nilisema kwa Kiswahili, hasira haina lugha ya pili, na Mkurugenzi akasikia kelele tu. Akaegemea kiti. Ile hali ya kunishuku ikamtoka usoni, ikaja huruma, na afadhali angenitukana. Akamgeukia shemeji, akauliza kwa upole:

"She doesn't mean it, does she?"

Nilielewa kila neno. Hamaanishi anachosema, sivyo? Ni ya wakati uliopo, imekataa mbele, imekubali nyuma. Nikamwangalia shemeji yangu. Alikuwa na nafasi bado, mkia ulikuwa wazi mbele yake, neno moja dogo tu lilitosha.

"No, sir," akasema. "She doesn't."

Mkurugenzi akaomba koti la kazi. Nikalivua pale pale mbele yao, nikalikunja vizuri kwa mikunjo yake, nikaliweka mezani.